Kimashine cha Dada

Kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, rangi ya kijivu, na kioo ambacho ukikitazama juani huoni kitu. Ubavuni kulikuwa na kijiti chembamba cha kuandikia, na mgongoni kitundu cha kuingiza ncha ya pini. Nilipokiwasha mara ya kwanza baada ya kukabidhiwa, kilinipokea kama mtu asiyenijua. Kikanitaka niguse alama ya msalaba juu, kisha chini, kisha katikati, ili kiuzoee mkono wangu. Halafu kikanionyesha tarehe mosi Januari ya mwaka ambao nilikuwa hata sijaolewa. Namba za watu, tupu. Kalenda, tupu. Maandishi, hata mstari mmoja hakuna. Nilikuwa nimekaa kitandani kwangu Nyakato, hapa Musoma mjini, saa tano asubuhi, jua limejaa chumba kizima.

Kimashine hicho kilikuwa cha dada yangu mkubwa, nesi. Zamani ulikuja mradi mmoja wa afya ya mama na mtoto ukawagawia manesi wa vijijini kompyuta hizi za mkononi, waandike ziara zao na tarehe za wajawazito. Mradi ulipokwisha, wenye nao waliondoka na magari na jenereta, vimashine wakaviacha. Manesi wengine walivitupia kwenye droo. Dada yangu alitembea na chake mpaka siku aliyokufa. Nilimtania sana. Nilimwambia watu wana simu zinazopiga picha hadi za mwezini, yeye anazunguka Butiama na kifaa cha enzi za babu. Hakukasirika, alikuwa mtu wa kucheka kwa pua. Alisema, "Simu inapokeaga kila mtu. Hiki kinanisikiliza mimi tu."

Humo aliweka kila kitu chake. Siku za chanjo, saa ya mama yetu kumeza dawa za presha, na kitu kimoja changu.

Hicho changu lazima nikieleze, maana bila hicho nisingehangaika na takataka ile ya kijivu hata dakika moja.

Miaka ishirini na miwili iliyopita nilijifungua kwa kupasuliwa, hospitali ya Musoma mjini. Nilipoamka jioni, dada alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na gauni lake jeupe la kazi, akaniambia mtoto amezaliwa amekwishakufa. Nilimuuliza ni wa kike au wa kiume. Akasema, "Pumzika." Mtoto mwenyewe alikuwa amekwishazikwa. Wanawake wa kwetu ndivyo wafanyavyo. Mtoto wa namna hiyo anazikwa siku ileile na wanawake wawili watatu, kimyakimya, bila wanaume na bila mama yake, na mama haonyeshwi mahali mpaka azae mwingine. Wanasema akionyeshwa mapema, tumbo lake litamfuata yule aliyetangulia. Nilisoma, nilipiga mashine za chapa na kompyuta, nilijiona mtu wa mjini, lakini sikumpinga mtu. Nikasubiri nizae mwingine.

Sikuzaa mwingine. Mume wangu alivumilia miaka sita, akauza nyumba yetu ya Makoko, akahamia Mwanza, akaoa huko. Simlaumu sana. Nasema sana kwa sababu kidogo namlaumu.

Waliojua mtoto alipozikwa walikuwa wawili tu, dada na bibi mmoja jirani, na bibi alifariki mapema. Mama hakujua, siku ile alikuwa njiani akija kunihudumia, na nyumba yake Butiama ilibaki tupu. Kwa hiyo palikuwa na mahali patatu. Makoko, tulipokuwa tunaishi. Nyegina, kwa wakwe. Au Butiama, kwa mama. Sehemu zote tatu nilizoea kutembea nikitazama chini. Nikitoka kusonga ugali kwa mama, maji ya moto ya sufuria nayaacha yapoe kabisa ndipo nikayamwage, maana sijui namwagia wapi. Nikiona mtu anachimba shimo la taka, moyo unanipiga. Watu walidhani nina ubahili wa maji.

Nilipofika umri wa hedhi kuanza kurukaruka, nilimfuata dada Butiama nikamwambia sasa yatosha, nionyeshe. Alikataa. Alisema siku damu ikikoma kabisa, hapo mwiko utakuwa hauna wa kumzuia, naye atanipeleka kwa mkono wake. Nilimwambia yeye ni nesi, anawezaje kuamini mambo haya. Akajibu kwamba haamini, lakini aliahidi mbele ya yule bibi, na aliyeahidiwa amekufa, hawezi kumwomba ruhusa. Kisha akakipiga kile kimashine kofi dogo mfukoni. "Usiogope. Nimeandika kila kitu humu. Hata nikisahau, hiki hakisahau." Nilikasirika, sikula chakula chake, nikapanda gari la Musoma na njaa yangu.

Alikufa kabla damu haijakoma. Presha, hiyohiyo aliyokuwa akimkumbusha mama kila siku. Alianguka kazini asubuhi, adhuhuri hakuwepo.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na naomba nisiulizwe kwa nini mapema, nitasema mwenyewe. Kwetu mtu akifa, vitu vyake vinalazwa. Redio inazimwa, baiskeli inapinduliwa, kiti alichopenda kinaegemezwa ukutani, saa inatolewa betri. Kisha vyote vinafungiwa chumba kimoja, na hakuna wa kuvigusa mpaka siku ya kuanua tanga, ukoo ukae na kugawa. Anayelaza vitu ni ndugu anayemfuata marehemu kwa kuzaliwa. Ndugu huyo alikuwa mimi.

Nilifanya kazi ile vizuri mno. Nilizunguka nyumba ya mama, alimokuwa akiishi na dada, nikizima na kupindua, wanawake wakinifuata nyuma wakilia. Kimashine nilikikuta juu ya meza ya chumbani kwa dada, asubuhi ile alikuwa amekiacha nyumbani, kimekaa kwenye kitako chake cha chaji, taa ya kijani inawaka. Dada alikwishaniambia zaidi ya mara moja kwamba kile kitu ni kama mgonjwa wa dripu, kumbukumbu yake inakaa kwenye umeme, betri ikikauka kabisa kinasahau yote. Nilijua. Nilisimama pale nikajua kabisa. Nikachomoa.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilifuata mila. Si kweli. Nilichomoa kwa hasira. Alikuwa amekwenda na siri yangu, na taa ile ya kijani iliniudhi, ilikuwa inapumua wakati yeye hapumui. Mila ilinipa tu kisingizio.

Ufunguo wa chumba ulikaa kwa mama mkubwa, dada yake mama. Wiki iliyofuata mama alinipigia simu.

"Dada yako analia huku ndani."

"Ni alamu hiyo, mama. Ni kile kimashine chake."

"Najua ni alamu. Ananikumbusha dawa. Leo nimemeza."

Kikawa kinalia kila siku saa nne asubuhi, nyuma ya mlango uliofungwa, milio midogo kama ya kifaranga. Mama alinisimulia kwamba huvuta kiti hadi mlangoni dakika chache kabla, na kikombe chake cha maji, anangoja. Kikilia anaitika "abee," anameza kidonge, anarudisha kiti. Wageni waliokuja kuhani walimwona, wakaambiana mambo. Mimi nilijua maana ya mlio ule kuliko wao. Ulikuwa unaniambia betri bado ipo, bado hujachelewa, njoo. Nilimpigia mama mkubwa mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayeomba akataliwe. Akasema tusubiri tanga. Nikasema sawa. Tangu nikiwa na miaka thelathini nilitaka kujua, na jibu lilipokuwa nyuma ya mlango mmoja wa mbao, niliogopa.

Siku ya kumi na nane hakikulia. Mama alinipigia akasema dada ametulia sasa. Watu wa ukoo walifurahi. Mimi nilikwenda chooni kazini nikalia, nikanawa, nikarudi kupiga chapa mitihani ya kidato cha pili. Mama naye, kwa kukosa wa kumkumbusha, aliacha dawa, hadi tukamkuta hawezi kusimama vizuri. Tangu hapo nampigia simu mimi, lakini kwangu haitikii "abee."

Tanga lilipoanuliwa, miezi tisa baadaye, nilipewa kimashine bila ubishi. Hakuna aliyekitaka. Ndicho hicho nilichokiwasha Nyakato, kikanionyesha Januari.

Kilichonipa moyo kilikuwa kadi. Juu ya kimashine palikuwa na mfuniko mwembamba, na ndani yake kadi ya memori, ndogo kama stempu. Na kwenye boksi lake nilikuta sidii ya mradi ikiwa na karatasi, mwandiko wa dada uleule wa kulalia kushoto: "Chaji ikiisha kabisa, weka programu hii mpya KWANZA. Ndipo kadi isomeke." Kumbe kilishawahi kumfia yeye, akajifunza kuhifadhi nakala. Kadi ilikuwa kubwa kuliko uwezo ambao kimashine kiliumbwa nao, ndiyo maana kilihitaji ile programu ya nyongeza, na nyongeza nayo ilifutika pamoja na vingine vyote.

Nilipoisukuma kadi ndani kabla ya hiyo programu, kimashine kilitoa maneno kwa Kiingereza, kwamba kadi hii haijaandaliwa, je, kiiandae? Chini kulikuwa na ndiyo na hapana. Nilikishika kile kijiti juu ya ndiyo, sijui kwa muda gani. Neno kuandaa lilinivutia, ni neno la jikoni, la kukaribisha wageni. Kitu fulani kikanizuia, nikagusa hapana.

Halafu nikajaribu mwenyewe. Miaka yote hii karani, nimefungua mashine ngapi za kudurufu zilizokwama karatasi, kimashine gani kitanishinda? Nilitumia laptopu ya shule jioni watu wakiwa wametoka. Laptopu haikukitambua kile kitako cha chaji nilichokiunganisha nayo kwa waya. Nikaitafutia programu ya kukitambua, ikakataa. Nikapata nyingine, ikakubali. Nikaanza kuweka ile nyongeza, mstari ukatembea, ukafika nusu, ukastaki. Nikangoja saa nzima. Nilipochomoa, kimashine kikawa kinawaka, kinaonyesha nembo ya kiwandani, kinazima, kinawaka tena. Siku mbili hivyohivyo. Nilikichokoa kwa pini, nikakipigapiga mgongoni, mwishowe nikakitukana, na matusi yenyewe niligundua ni yale niliyokuwa nikimtukana dada tulipokuwa watoto.

Mwalimu mmoja akanielekeza kwa fundi wa Bunda. Alikuwa mzee wa kofia na miwani miwili, mmoja machoni mwingine kichwani, ambaye babu yake alikuja Bunda kutoka Kigoma na cherehani, wajukuu wakahamia kwenye redio, kisha kompyuta. Duka lake lilijaa pasi, ving'amuzi na feni. Nilipokiweka kimashine mezani alikichukua kwa mikono miwili.

"Hizi zilikuwaga nyingi hapa, za wale wa mradi," alisema. "Nilizitengenezaga sana. Mwenyewe yuko wapi?"

"Alifariki. Dada yangu."

"Poleni, mama. Tunatafuta nini humu?"

Nilisema ni maandishi yake tu ya kumbukumbu. Akaniuliza kama kiliwahi kuniomba kuiandaa kadi, na kama nilikubali. Nikasema nilikataa. Akavua miwani. "Mshukuru Mungu. Ungekubali, kingefuta kadi yote, hapa tungekuwa tunakunywa chai tu."

Aliitoa kadi, akaiingiza kwenye kompyuta yake kuukuu iliyokuwa na mfuniko wa kitambaa kama runinga za zamani, akachukua nakala kwanza. Vitu vilikuwemo. Lakini vilikuwa vimefungwa pamoja, kwa namna ambayo kimashine chenyewe tu kinajua kuvifungua, na kwa macho yetu zilikuwa alama ovyo. Akanionyesha makosa yangu moja baada ya jingine, bila kunicheka. Niliiacha kadi ndani wakati wa kuweka programu. Betri ilikuwa chini, nayo ilikuwa imezeeka, haishiki. Na laptopu za sasa zinasema haraka mno, alivyoeleza yeye, hivi vya zamani vinashindwa kuitikia.

"Lakini mbona kilifutika?" aliuliza. "Dada alikiacha bila chaji?"

"Alikiacha kwenye chaji. Nilichomoa mimi."

"Hukujua."

"Nilijua, fundi."

Akavaa tena miwani. Alikipachika kwenye kitako, akaunganisha umeme kupitia betri kubwa ya sola ili usije kukatika, akasema kikae hivyo masaa matatu ndipo tuanze. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikinywa soda, nikiitazama taa ya kijani. Haikuniudhi tena. Niliiomba msamaha, kimoyomoyo, nikijua ni upuuzi.

Saa sita na nusu alibonyeza kitufe cha kuwashia, huku ameingiza pini mgongoni, akaachia kimoja kabla ya kingine. Nembo ikatulia. Akaanzisha. Mstari ukaanza kutembea taratibu, na ulipofika theluthi, adhana ikasikika kutoka msikitini. Mzee akanyanyuka.

"Nakwenda kuswali. Usikiguse, usikisogeze, usikipumulie. Kikistaki, kiache kimestaki."

Nikabaki nacho peke yangu. Kilistaki palepale kilipostaki kwangu, nusu. Mikono niliikalia. Nilianza kusema nacho, kwa lugha yetu ya nyumbani, niliyokuwa natumia na dada tu. Nilikiambia nisamehe, nikakiambia na wewe umenionea, ungeniambia mapema. Feni ilizunguka. Nje watu walinunua nyanya. Na ninaapa, nilikuwa na hakika mtu amesimama nyuma yangu, gauni lake limepigwa pasi, ananuka sabuni ya hospitali, anasoma kioo juu ya bega langu. Sikugeuka. Sikuogopa kumwona, niliogopa kutomwona. Kisha mstari ukasogea.

Mzee aliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Akaingiza kadi. Kimashine hakikuuliza tena habari ya kuiandaa. Akagusa mahali pa kurudisha nakala, akasema bismillahi, tukasikia kikinong'ona ndani kwa ndani.

Kikaanza kulia. Alamu zote zilizokosa kupigwa zikaja kwa pamoja, mfululizo, zikijipanga kiooni: Mama dawa. Mama dawa. Mama dawa. Mzee alitaka kuzima nikamshika mkono. Nilizigusa moja moja mpaka zikaisha, na kwa kila moja nilisema abee.

Kwenye maandishi kulikuwa na mengi ya kazi. Moja lilikuwa na kichwa "La mdogo wangu." Mzee aliona uso wangu, akaenda kusimama mlangoni, akanipa mgongo.

Niliyoyasoma nayaandika kama alivyoyaweka, kwa mtindo wake wa kinesi.

"Msichana. Kilo mbili na nusu. Amezaliwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Amepumua dakika kumi na moja. Nilimshika mimi. Nimembatiza kwa maji ya bomba. Makoko, uzio wa minyaa upande wa ziwa, hatua kumi na nne kutoka kona yenye jiwe. Kichwa kinatazama majini. Nimemwambia mdogo wangu hakupumua. Sikuweza kumwambia: mwanao alikuwepo, wewe ulikuwa umelala."

Chini kabisa, mstari wa peke yake, jina.

Mtoto asiyepumua kwetu hapewi jina. Sikuwahi kufikiri kulitafuta. Nilikuwa nimetafuta mahali tu, miaka yote ile, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Na sasa nilikuwa naambiwa nilikuwa na mtoto kwa dakika kumi na moja, akashikwa, akabatizwa, akaitwa, na mimi nilikuwa chumba hichohicho. Nilimchukia dada yangu pale kwenye kiti cha plastiki kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Na nilimshukuru kwa mikono yake. Vyote viwili vilikaa, na mpaka leo vimekaa. Mzee alikataa kunitoza, nikaiacha hela chini ya pasi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Makoko. Baada ya siku ile niliishi hapo miaka sita, nilianika kanga zangu kwenye uzio uleule. Nyumba yetu ilikuwa imepigwa rangi, na uani mama mmoja wa makamo alikuwa anatandaza dagaa kwenye chandarua. Nilimsalimu, nikamwambia niliwahi kukaa hapa, ninaomba kuhesabu hatua kidogo kwenye uzio wake. Alinitazama, akaweka ndoo chini, akanipisha. Nikaanza kwenye kona yenye jiwe. Nilipofika ya kumi na nne nikasimama. Palikuwa na majani tu.

"Bado, mama," alisema nyuma yangu. "Yule nesi alikuwaga mrefu. Ongeza mbili."

Niliongeza mbili. Kati ya minyaa miwili palikuwa na uwazi usio na gugu refu, mdogo, wa kutosha mtu kupiga magoti. Mama yule alisema nesi alikuja kila mwaka, asubuhi, na panga lake ndani ya mfuko, akahesabu hatua kama mimi, akafyeka, akakaa kidogo, akaondoka. Hakuwa msemaji. Mwaka huu hakumwona, kwa hiyo yeye mwenyewe alipitisha jembe juujuu, asijue anampalilia nani.

"Siku zote nilitakaga kumuuliza nikaona aibu," alisema. "Hapo yupo nani?"

Nikamtajia jina. Lilitoka dogo, upepo wa ziwa ukalichukua, akaniomba nirudie. Nikarudia kwa nguvu. Binti yangu alikuwa na miaka ishirini na miwili, na ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita.